Kuufuata Mkono wa Bibi hadi Chamazi

Safari hii ilianza kwa sababu ya ukoko. Nyumbani kwetu Mtoni, kila Idd, wanawake hukaa mkekani kuzunguka sinia la pilau, na ukoko wa chini ya sufuria huwekwa mbele ya Bibi Tatu, mama yake mama yangu, kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba. Nami kila Idd nilikuwa nauiba. Yeye hunichapa kofi la mkono, nami humwambia kwamba mke mkubwa hana tena meno ya kutafunia, amwachie mke mdogo. Marehemu Babu, kwa utani wa babu na mjukuu, alikuwa mume wetu sote wawili, na ugomvi wa kumgombania haukwisha hata alipozikwa.

Muda mfupi kabla ya Ramadhani Bibi akapigwa na kiharusi. Mungu si Athumani, mdomo ulirudi mahali pake na mguu ukaanza kukanyaga kwa kuchechemea, lakini mkono wa kulia ulibaki umelala mapajani. Siku ya kutoka hospitali daktari alitwambia tutafute mtaalamu wa tiba kwa vitendo, na akaeleza kuwa ni mtu anayemfundisha mgonjwa kuyafanya upya mambo ya kila siku, kula, kuvaa, kujifunga kanga. Tuliitikia, tukafika nyumbani, tukasahau. Mtoni haina uhaba wa waganga wa baraza. Jirani mmoja alileta mafuta ya mnyonyo, mwingine maji ya moto na chumvi, na Bibi alikandwa hadi akasema sasa ametosha kupikwa chapati.

Idd ndogo ilipofika, Bibi aliomba chakula chake kipelekwe chumbani, nyuma ya pazia. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mkono wa kulia hauwezi, na wa kushoto, kwa malezi ya Bibi, hauingii kwenye sinia hata nyumba ikiungua. Ukoko ulipelekwa kwenye sahani ukarudi kama ulivyokwenda, nami niliiosha ile sahani nikilia. Jioni alimwambia Mama kwamba Idd kubwa asihesabiwe kabisa, atakwenda kwa ndugu zake Kisarawe ili asichafue macho ya watu. Bibi akisema jambo kwa sauti ya chini namna ile, ujue ameshafunga mizigo moyoni. Nikaapa kwamba Idd kubwa Bibi atakaa mkekani, na sikujua hata nianzie wapi.

Nilianzia Keko, na wala sikwenda kwa ajili yake. Mimi ni fundi cherehani, nilikuwa nimeagiza meza ya kukatia nguo kwa fundi mmoja pale barabarani, Fundi Saidi, mtu wa Masasi ambaye nyusi zake zina unga wa mbao mwaka mzima. Meza haikuwa tayari. Aliniambia bado kupiga msasa, nami nilipochungulia nikakuta hata miguu haina. Katika kutafuta pa kukaa ili nimlaumu vizuri, nikakiona kiti kidogo cha ajabu katikati ya makochi na vitanda. Kilikuwa na mgongo mrefu, ubao wa mbele uliokatwa nusu duara, na mikanda ya kifuani. Nikamwuliza ni matajiri gani hao wanaomfunga mtoto ili ale.

Fundi Saidi hakucheka. Alisema ni cha mtoto ambaye shingo yake haijakaza, na vipimo huletwa na kijana mmoja wa Chamazi anayekuja na kamba yake ya kupimia na kukataa kiti kikikosea hata kidogo. Kijana huyo, akasema, ndiye pia aliyemrudisha shemeji wa fundi mwenyewe kule Mbagala, aliyekuwa amepooza upande, na sasa anafunga vifungo vya shati mwenyewe.

"Kazi yake inaitwaje?" nikamwuliza, nikilikumbuka neno la yule daktari wa hospitali.

"Ina jina refu, sista, mie silijui. Sie tunamwitaga daktari wa mazoezi."

Akampigia simu papo hapo. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya taratibu, ya mtu asiye na foleni. Alijitaja kuwa ni Kulwa, akauliza mkono una muda gani, vidole vinacheza au vimekunjika, anahisi moto na baridi au hahisi. Mwisho akasema tumlete, na aje na kitu anachopenda kula. Niliondoka Keko bila meza, nikiwa nimemsamehe Fundi Saidi madeni yake yote ya uongo.

Asubuhi ya safari, nyumbani Mtoni, kazi ya kwanza ilikuwa kumshawishi Bibi. Alisema amechoka kukandwa. Mama alimbembeleza, akagoma. Ndipo nilipotaja Chamazi, naye akainua kichwa akauliza kama si ndiko kwenye ule uwanja wa mpira unaotajwa redioni. Bibi yangu anajua majina ya mabeki kuliko majina ya wajukuu. Nikamwahidi tutapita uwanjani kwanza, na hapo akasema basi, mvikeni.

Tukamvika. Mama alimpitisha mikono ya gauni na kumfunga vifungo, mimi nikamfunga mtandio, dada yangu mdogo akamvisha viatu. Alikaa kitandani ametulia anavishwa kama bibi harusi, hakuna alichokigusa mwenyewe. Wakati ule niliona raha, nikijisemea kwamba bibi yetu anapendwa. Vitumbua alivyovipenda tulivifunga kwenye kitambaa, fundo juu, tukamwekea mapajani kwa sababu mgeni haendi ugenini mikono mitupu, na Bibi hakubali mzigo wake wa adabu ubebwe na mwingine.

Barabara ya Kilwa ilikuwa imeshachangamka tulipoingia kwenye bajaji ya Hamza, kijana wa mtaani kwetu. Bibi na Mama nyuma, nami nimejibana pembeni yao. Tulipita Mbagala kwenye vurugu za Rangi Tatu, spika ya muuza dawa za panya ikishindana na ya mhubiri, kisha tukaiacha barabara kubwa tukashika ya kwenda Chamazi. Huko hewa inabadilika. Nyumba zinaachiana nafasi, kuna matofali yaliyopangwa kusubiri mwenye nyumba apate, na michungwa inachungulia juu ya kuta ambazo hazijapigwa plasta. Hamza alieleza mechi ya juzi kuanzia dakika ya kwanza, na Bibi akamsahihisha mara mbili.

Uwanjani Chamazi geti lilikuwa limefungwa. Bibi alitazama ukuta, akatazama nguzo za taa, akatafakari.

"Kumbe kauwanja kenyewe kadogo hivi," akasema. "Redioni wanapiga kelele utadhani nchi nzima imo humo."

Hamza alicheka. Mimi nilikuwa na jibu limeshafika kwenye ncha ya ulimi, kwamba mke mwenza, wewe mwenyewe kwenye redio ungeonekana mrefu. Nikalimeza. Tangu alipougua sikuwa nimemtania, wala hakuna mwingine nyumbani aliyethubutu. Mgonjwa hupewa pole, hapewi maneno.

Kumpata Kulwa kulituzungusha kidogo, kwani mama muuza mihogo tuliyemwuliza daktari wa mazoezi alitunyooshea kidole bila kusita, na tukajikuta mbele ya banda ambamo wanaume wenye vifua kama magunia ya mkaa walikuwa wakinyanyua vyuma. Bibi aliwaangalia kwa huruma, akauliza kama hao ndio wagonjwa. Walitoka wenyewe kutuelekeza, kwa shikamoo nyingi, hadi nyumba ya kona yenye uzio wa michongoma.

Pale kwa Kulwa hapakunuka dawa. Palikuwa na chumba kikubwa na baraza, na ndani, badala ya mashine, niliona jiko la mkaa, mwiko, ungo, ndoo na kata, mashati yenye vifungo vikubwa yametundikwa, na ubao uliopigiliwa makomeo na vitasa vya kila aina. Bibi alisimama mlangoni akasema hajawahi kuona hospitali yenye mwiko. Kulwa alitoka jikoni akijifuta mikono. Ni kijana mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Alichuchumaa mbele ya Bibi, akaamkia, akaitikiwa marahaba, kisha hakuuliza habari ya mkono kabisa. Aliuliza kwao ni wapi.

"Kisarawe. Mzaramo mie, baba na mama."

Kulwa akapiga makofi mara moja. "Basi nimepona. Mie Mnyamwezi wa Tabora."

Wasomaji wa pwani hawahitaji kuambiwa, lakini kwa wengine niseme kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani wa tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana msibani kwako, akachukua kuku wako, na ukienda kushitaki utachekwa wewe. Niliuona uso wa Bibi ukibadilika. Upande uliokuwa umelegea na upande mzima, pande zote mbili ziliamka pamoja.

"Mnyamwezi," akasema polepole, akimkagua kuanzia chini. "Nani kakufundisha kuvaa viatu?"

"Mtu wa bara mwenzangu. Nilitafuta Mzaramo wa kunifundisha nikaambiwa wote wako ngomani."

Mama aliziba mdomo kwa kanga. Kulwa alileta chai kwenye kikombe, ya vuguvugu tu, kwa kusudi nililokuja kulielewa baadaye, akamkabidhi Bibi katika mkono wa kushoto na kumwambia akishike vizuri kwani ni cha kuazima. Bibi akakishika. Wakaendelea kurushiana maneno, yeye akimsema kwa njaa ya kwao, kijana akimsema kwa uvivu wa kwao, na katikati ya sentensi, bila kubadilisha sauti, Kulwa alinyoosha mkono akashika fundo la kile kitambaa cha vitumbua akalivuta.

"Cha mtani hakina mwenyewe," akasema.

Na mkono wa kulia wa Bibi ukainuka. Sikuiona safari yake yote, niliona tu umeshafika juu ya kitambaa, vidole vimejikunja kwa shida kwenye ukingo wake, vinatetemeka, vimeng'ang'ania. Kulwa alivuta kidogo. Vidole havikuachia. Akavuta tena, polepole, kisha akaachia yeye.

"Nani kakushikia hicho, mtani?" akamwuliza.

Bibi aliutazama mkono wake kwa muda. Chai haikuwa imemwagika. Mama alikuwa analia waziwazi, na mimi pia, sioni haya kusema.

"Mwizi," Bibi akasema hatimaye, kwa sauti ya furaha ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau. "Mnyamwezi mwizi."

Asubuhi yote iliyobaki ilikuwa ya kazi. Kulwa alimpima bega, kiwiko, na kila kidole. Alimpa nguzo ya kushika, kata ya kuchotea maji, kitasa cha kuzungusha, na aliandika aliyoyaona. Alitwambia ukweli wake. Mkono hautarudi wote, na hataki kutudanganya. Lakini upo, una nguvu zaidi ya tunavyodhani, ila umeachishwa kazi. Mwenye mkono mmoja mgonjwa huzoea kuuacha, na watu wa nyumbani wakiwa wema sana hummalizia. Akauliza leo asubuhi nani alimvika. Tuliinua mikono sote watatu, mimi, Mama na hata Hamza aliyekuwa barazani na hakuhusika.

Tukapewa masharti. Bibi ajifunge vifungo mwenyewe, hata ikichukua asubuhi nzima. Achambue mchele wa nyumba, mkono wa kulia ukitangulia. Ashike kwanza vitu vinene, viazi na magimbi, kabla ya kuendea vidogo. Asiachiwe kuumia, lakini asisaidiwe kabla hajaomba.

Wakati wa kuaga, Kulwa alinivuta pembeni.

"Nyumbani nani anamtania?"

Nikamwambia hakuna. Kwamba mimi ndiye nilikuwaga mtani wake, lakini anaumwa.

"Utani nao ulikuwa kazi yake ya kila siku, mmemwachisha," akasema. "Lakini usimtanie kwa sababu nimekutuma. Utani wa kuandikiwa na daktari hauna chumvi, ataujua. Subiri uje wenyewe."

Tukashika njia ya kurudi. Bibi alilala, kichwa kwenye bega la Mama, kitambaa mapajani kikiwa kimepungua vitumbua viwili ambavyo Kulwa alivila mbele yake kwa kusudi. Mimi nilikuwa nawaza lile neno la mwisho. Nyumbani kwetu tulimwonea Bibi huruma kwa moyo mmoja, tukampa pole, uji na mito ya kuegemea, na tukaacha kumchokoza kwa heshima. Ugonjwa ulichukua mkono, sisi kwa adabu zetu tukachukua ugomvi wake. Sijui kati ya hivyo viwili kipi alikililia zaidi.

Mtoni, wiki zilizofuata, tulikula mchanga. Bibi alichambua mchele kwa mkono wake mgumu, na kila tonge lilikuwa na jiwe, na kila aliyetafuna jiwe alisifu chakula. Tulirudi Chamazi mara kadhaa. Kila mara alijitayarishia matusi njiani, akayajaribu kwa Hamza kabla ya kumfikishia Mnyamwezi wake. Alianza kuchelewa kutoka chumbani kwa sababu ya vifungo, na Mama alikuwa akisimama nje ya mlango anajizuia kwa mikono yote miwili. Lakini kula, bado alikula ndani. Tulisikia sahani ikigonga sakafu nyuma ya pazia, na wali ukifagiliwa. Hakutaka msaada, na kwa habari ya Idd kubwa alikuwa hajasema lolote. Mkoba wake wa Kisarawe ulikuwa umeshatolewa juu ya kabati.

Siku ya Idd, baada ya swala, nyumba ilijaa. Mama wadogo, mashangazi, mawifi, wote mkekani. Sinia likaja, na ukoko ukawekwa mahali pake, mbele ya nafasi ya Bibi ambayo hakuna aliyethubutu kuikalia. Pazia likafunguka. Bibi alitoka na gauni jipya nililomshonea, kifungo kimoja kimepishana na tundu lake. Akaketi kwa taratibu, akanawishwa mikono, akasema bismillahi.

Mkono wa kulia ulikwenda kwenye pilau. Ulikusanya, ukabana, ukainuka, na nusu ya tonge ikamwagika njiani kwenye mkeka na kwenye gauni. Watu wazima wakaangalia kucha zao, wengine dari, kwa ile adabu yetu. Mama mdogo aligeuka ili aagize kijiko. Nami nilimwona Bibi ameinamisha macho, na mkono umeanza kurudi mapajani, na nikajua ukifika kule hautainuka tena mbele ya watu.

Sikukumbuka Kulwa wala masharti yake. Nilipandwa na hasira tu, na njaa, na ukoko ulikuwa pale. Nikaunyakua.

"Mke mwenza, kama umeshiba sema," nikamwambia. "Mume wangu hakuoa mtu wa kumwaga chakula."

Mkono wa Bibi, uliokuwa unarudi, uligeuka njiani ukatua juu ya wangu, pu, ukaubana na ukoko wake dhidi ya sinia. Haukuwa mzito. Ningeweza kuutoa mkono wangu bila taabu, na yeye alijua hivyo. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya pilau.

Ndugu wa Kisarawe mlioniuliza huko Chamazi nilijifunza nini, nilijifunza njia ya kona yenye michongoma, nikajifunza kazi yenye jina refu, na nikajifunza kwamba mgonjwa anaweza kuwa anangoja kitu ambacho hakiuzwi duka la dawa. Hili la mwisho sikuambiwa na Kulwa, aliniambia Bibi mwenyewe, pale mkekani, bila kuuachia mkono wangu.

"Umechelewa, mke mwenza," akasema. "Nilidhani umeniachia mume peke yangu."